Mapumziko ya Kiangazi ni ya Nani?

Masomo: Kutoka 2:15-20, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Marko 14:12-16

Ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, nanyi mlio safarini ndani ya matatu, nanyi wagonjwa mlio vitandani, karibuni tufikiri pamoja kwa dakika chache.

Leo nataka kuanza na mchezo wa dama.

Huku kwetu Gilgil, mwezi wa Januari ukiingia, utaona karibu na kituo cha matatu, chini ya mti, ubao umewekwa juu ya kreti la soda, na wanaume wanane au kumi wameuzunguka. Wawili wanacheza, wengine wote ni walimu. Kete ni vifuniko vya chupa, za huyu zimelala chali na za yule zimelala kifudifudi. Hakuna kiingilio, wala hakuna pombe. Mchezo waweza kuanza saa nne asubuhi, na jua likatua wale wale bado wapo, wamesogeza kreti tu kufuata kivuli.

Mimi siupigi vita mchezo huu. Naupenda, na wenzangu kanisani wanajua. Mtu aliyelima, akapanda, akapalilia, akavuna, akapukuchua mahindi yake na kuyatia guniani, ana haki ya kukaa kivulini. Siku hizi watoto shuleni hufundishwa neno uraibu, yaani jambo ambalo mtu hulifanya wakati wa mapumziko kwa kulipenda tu. Wazee wetu hawakuwa na neno hilo, lakini jambo lenyewe walikuwa nalo. Bwana wetu naye aliwaita wanafunzi wake waende kando mahali pasipo watu wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Twasoma hayo katika Marko sura ya 6.

Lakini sikilizeni jambo lililonipata Januari moja, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimekaa kwenye ubao, na mchezo ulikuwa mzuri. Nimebakiwa na kete nne, mwenzangu tatu. Msichana akapita barabarani ameinama, mtungi wa maji mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akaniuliza, "Mzee, huyo si binti yako?" Nikainua macho. Nikasema, "Ndiye." Kisha nikasogeza kete.

Nitarudi kwa kisa hicho. Kwanza tufikiri, kwa nini Januari? Kwa nini ubao huo hauonekani mwezi wa Aprili?

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza hutuambia kwamba huko majira hugeuza maisha ya nyumbani kwa njia ya mwanga. Mwezi wa Desemba, jua la London hutua kabla ya saa kumi jioni, na watu hujifungia ndani. Mwezi wa Juni hutua baada ya saa tatu usiku, na baba aweza kurudi kazini, akala, kisha akaenda kulima bustani yake au kucheza mpira na watoto kwa saa mbili nzima. Kwetu sivyo. Gilgil iko kama nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua hutua karibu na saa kumi na mbili u nusu, na urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu. Kinachogeuza nyumba zetu ni maji. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kila mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na mvua hulifuata: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tena sisi tuko chini, katika sakafu ya Bonde la Ufa, Milima ya Nyandarua ikiwa mashariki na Mau magharibi. Mara nyingi twaona mawingu yakinyesha kule juu na kwetu hayafiki. Ndiyo maana mleleshwa umestawi hapa kuliko mahindi.

Ndege nao wanajua habari hii. Kila mwaka, vuli inapokaribia, mbayuwayu hufika kutoka Ulaya, na baadaye korongo weupe. Masika ikishika, wamekwisha kwenda zao. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwataja ndege hao hao, akawasikitikia watu wa Mungu kwamba ndege hushika majira yao lakini wao hawaijui hukumu ya Bwana. Naliona neno hilo kuwa kali, maana laonyesha kwamba yawezekana mtu akajua sana majira ya kupanda na ya kuvuna, na bado asijue Mungu anataka nini kwake katika majira hayo.

Basi tuupitie mwaka kwa haraka.

Masika, kila mtu yuko shambani. Watoto wakifunga shule mwezi wa Aprili hukuta palizi ikiwangoja. Ubao wa dama huwekwa darini. Hata ibada hupungua watu, na mchungaji hulalamika, kisha yeye mwenyewe Jumatatu utamwona na jembe. Watoto wadogo hufinyanga ng'ombe wa udongo na kujenga mabwawa katika mifereji. Kazi ni nzito, lakini ni ya wote, na maji yako pale pale mlangoni, yanateremka kutoka kwenye mabati hadi pipani.

Juni na Julai ni baridi. Tuko kwenye kimo cha kama mita 2,000 juu ya bahari, na alfajiri joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Jioni jamaa yote huwa karibu na jiko. Akina mama hufuma sweta, na nyanya akiwepo, watoto hupata hadithi. Naona huu ndio msimu wetu mzuri kuliko yote kwa jamaa, ingawa twaulalamikia. Neno moja tu la tahadhari: usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Moshi wake mbaya hauonekani wala hauna harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Agosti ni likizo, kwaya na mikutano ya vijana. Kuanzia Oktoba mahindi huvunwa, na Desemba wageni hufika. Hayo mwayajua.

Kisha huja Januari. Vuli imekwisha, mahindi yako ghalani, shamba limelala. Upepo huvuma na vumbi huingia hata sandukuni. Kwa baba, huu ndio wakati wa kupumzika, na ndipo ubao wa dama huteremshwa kutoka darini.

Kwa mama je? Paa limekauka na pipa limekauka. Maji ambayo mwezi wa Novemba yalikuja yenyewe hadi mlangoni, sasa yapaswa kufuatwa kwa miguu, kwenye kioski au kwenye kisima cha pampu, na hapo kuna foleni. Ziwa Elmenteita liko mbele ya macho yetu, limejaa maji, lakini ni ya magadi. Hayanyweki wala hayafai kupikia. Hata baadhi ya visima vyetu hapa bondeni vina madini ya floraidi kupita kiasi, yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kwa hiyo mama hawezi kuteka popote tu. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, mbali na mtungi wenyewe. Nyumba ya watu sita ikitumia mitungi minne tu kwa siku, kwa kupika, kunywa, kuosha vyombo na kunawa, mtu fulani amebeba kilo 80 kwa siku hiyo, katika safari nne. Nguo hazijafuliwa bado, na kwa vumbi la Januari huchafuka mara mbili. Mbuzi nao hawajanywa.

Mwaona jambo hili, wapenzi? Ni majira yale yale na nyumba ile ile, lakini kiangazi humpumzisha baba na kumchosha mama. Na Januari shule zimefunguliwa. Mtoto wa kike anayemsaidia mama yake huteka kabla ya kwenda shule, kisha huteka tena akirudi, na kwa kuwa jua letu halingoji mtu, giza humkuta kabla hajafungua kitabu. Kaka yake yuko uwanjani akicheza mpira, maana uwanja umekauka na huu ndio msimu wake. Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mambo yamekuwa hivyo tu, kila mtu amefuata majira yake, na nyumba moja ikawa na majira mawili.

Na miaka mingine majira yenyewe hayana utaratibu. Wengi wenu mwakumbuka mwaka wa 1984, masika yalipokosekana tukala mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Tena mwaka wa 2024 mvua ilizidi, mafuriko yakaua watu wengi kule Mai Mahiu usiku wa kuamkia 29 Aprili, na shule za nchi yote zikachelewa kufunguliwa hadi 13 Mei. Watoto walikaa nyumbani majuma mawili zaidi ya yaliyotazamiwa, na mzigo wa kuwatunza ulimwangukia nani? Niwaachie wenyewe mjibu.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 5, kwenye amri ya Sabato. Mara nyingi twaisoma amri hii kana kwamba yamwambia mtu mmoja apumzike. Tazama vizuri mstari wa 14. Anatajwa mwana, anatajwa binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda, mifugo yote, na mgeni aliye malangoni. Halafu Mungu anatoa sababu, nayo ni kwamba watumishi wapate kupumzika sawasawa na bwana wao. Mstari wa 15 waeleza zaidi: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, wanajua jinsi ilivyo kufanya kazi huku mwingine ameketi. Kwa hiyo mapumziko yanayompendeza Mungu hupimwa kwa kumtazama yule wa chini kabisa nyumbani. Kama punda hajapumzika, amri haijatimizwa. Nasi wa Gilgil twamjua punda wa maji. Mwenye macho na amtazame mgongo wake mwezi wa Februari.

Mtu mmoja aliniuliza, mbona mke hakutajwa katika orodha hiyo? Mimi naamini hakutajwa kwa sababu Mungu alipomwambia mwenye nyumba "wewe", alisema na mume na mke pamoja. Hakuwaza kwamba mmoja atapumzika na mwingine aachwe. Lakini sisi twaisoma kana kwamba kutotajwa ni ruhusa.

Biblia ina visa vingi vya kisimani. Katika Mwanzo 24, Rebeka aliwatekea maji ngamia kumi wa mtumishi wa Ibrahimu, akipiga mbio kwenda na kurudi, na yule mtumishi alisimama kimya akimtazama. Alikuwa na sababu zake, alikuwa akingoja ishara. Hata hivyo nikisoma hapo sasa, huona haya kidogo.

Kisa ninachokipenda ni cha Musa katika Kutoka sura ya 2. Musa amekimbia kutoka kwa Farao, amefika Midiani, ameketi karibu na kisima. Amechoka, ni mkimbizi, na ana kila haki ya kuketi. Wanakuja mabinti saba wa kuhani wa Midiani, wanateka maji, wanajaza birika za kondoo wa baba yao. Wachungaji wanaume wanakuja kuwafukuza, ili wanyweshe mifugo yao kwa maji waliyoteka wengine. Musa akainuka. Aliwatetea, tena hakuishia kwa maneno; aliteka maji mwenyewe na kuwanyweshea kondoo wao. Wale wasichana walipofika nyumbani, jambo la kwanza baba yao aliloona ni kwamba wamerudi mapema leo. Akauliza ni kwa nini.

Fikirini juu ya swali la yule mzee. Ina maana siku zote walichelewa, na kila siku alizoea kwamba wamechelewa. Hakuuliza siku zile. Aliuliza siku walipowahi. Ni baba wangapi ambao leo, binti yao akiwahi nyumbani, ndipo watakapotambua kwamba siku zote alikuwa akichelewa?

Pia yuko yule mtu wa Marko 14. Yesu alipotaka kula Pasaka, aliwatuma wanafunzi wawili mjini, akawaambia watakutana na mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, wamfuate. Mji ulikuwa umejaa watu wa sikukuu. Wangemtambuaje mmoja kati ya maelfu? Walimu wa Biblia husema ilikuwa rahisi, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na mwanamume mwenye mtungi angeonekana mara moja. Jina lake hatulijui. Hatujui kama alikuwa mtumishi au mwenye nyumba. Twajua kwamba kwa kufuata mtungi wake wanafunzi walifika kwenye chumba ambamo Bwana alimega mkate, na ambamo, kama Yohana anavyoeleza, yeye mwenyewe alitia maji katika beseni akawaosha watu miguu.

Nilisema nitarudi kwa kisa changu. Jioni ile nilipofika nyumbani, nilimkuta binti yangu mezani. Wakati huo alikuwa darasa la saba. Kitabu cha hesabu kilikuwa wazi, taa ilikuwa ikiwaka, na yeye amelala usingizi, shavu juu ya ukurasa. Kwenye paji la uso alama ya kamba ilikuwa bado haijatoka. Mama watoto alisema tu, "Mwache kidogo, kesho ataamka saa kumi amalize." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi nilikwenda kuomba mkokoteni kwa jirani. Nikaweka mitungi sita, nikaenda kisimani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinisalimu kwa heshima, kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Mzee, mama ni mgonjwa?" Nikajibu hajambo. Wa pili akaniuliza kama mama amesafiri. Nikajibu yuko nyumbani. Basi wakanyamaza, nami nikajua kwamba wanafikiri kuna jambo baya sana ambalo siwezi kulisema. Kwenye kituo cha matatu wenzangu wa dama walicheka hadi mchezo ukasimama. Nawaambia kweli, kilo 20 za maji ni nyepesi kuliko kicheko kile.

Juma la pili kijana wangu akafuatana nami, kwa kununa. Juma la tatu mmoja wa wale waliocheka alikuja kuulizia mkokoteni.

Nikajifunza pia hesabu ambayo ningalipaswa kuijua zamani. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Nyumba yangu ina mabati ya kama mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 yaweza kunipa lita 800, ukiacha zinazomwagika, na hiyo ni karibu mitungi 40, yaani siku kumi za kazi ya binti yangu zilizokuwa zikimwagika barabarani kwa sababu sikuwa na mfereji wa mabati wala tangi. Maji hayo hayana floraidi. Yanahitaji paa safi, mvua ya kwanza imwagwe ili kuondoa vumbi na kinyesi cha ndege, tangi lifunikwe mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe. Tangi la kwanza nililinunua mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Fedha zile nilikuwa nimeziwekea jambo lingine, na jambo hilo halijafanyika hata leo, wala hakuna aliyeliuliza.

Mtaniuliza, na dama je? Dama bado nacheza. Lakini kiangazi kile ubao uliacha kukaa kituoni. Niliuleta nyumbani, tukawa tunacheza mezani baada ya chakula, maji yakiwa yamekwisha kuingia na hesabu zimekwisha kufanywa. Binti yangu hakuwa amewahi kugusa kete. Nani angemfundisha, na saa ngapi? Juma la kwanza nilimshinda kila mchezo. Mwisho wa Februari mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya Nyandarua, alikuwa ameingiza kingi mbili, mimi nimebaki na kete moja pembeni, na mama yake amesimama nyuma ya kiti changu na sufuria mkononi, anacheka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.